Jeshi lililoukalia mji wako limekudhulumu: ubishe hodi mlango upi?

Mzee alikitoa kikaratasi kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Kilikuwa nusu ukurasa wa daftari la hesabu, lile la miraba, wino wa bluu umekwisha kufifia: ng'ombe 11, mbuzi 4, tarehe ya mwaka 2001, sahihi ya mtu aliyejiita kamanda, na muhuri wa duara ambao maneno yake hayasomeki tena. Tulikuwa Kyangwali, magharibi mwa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert ukitokea Ituri, mashariki mwa Kongo. Mimi nilikuwa mkalimani tu wa mawakili wa kujitolea.

"Hii njo karatasi ya ngombe zangu," akasema. "Niko nauliza, nitaipeleka wapi?"

Wakili wa kwanza akataja The Hague, Uholanzi, zilipo mahakama za kimataifa. Wa pili akataja Arusha. Wa tatu akasema arudi Bunia, mji mkuu wa Ituri, akafungue kesi. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, na mzee akabaki akiwatazama kwa zamu kama mtu aliyeuliza njia ya sokoni akaelekezwa njia tatu. Niliporudi nyumbani nikakaa kuzilinganisha njia zile moja moja. Ninayoandika hapa ndiyo ninayotamani ningekuwa nayo siku ile. Mifano mingi naichota Kongo, kwa sababu mashariki mwa Kongo ndiko karibu kila mlango ninaoutaja umekwisha kubishwa na mtu.

Kwanza, sheria inakuahidi nini?

Eneo huhesabiwa kuwa linakaliwa pale jeshi la adui linapolishika kweli, likawa ndilo lenye amri. Ndivyo zisemavyo Kanuni za The Hague za 1907, kifungu cha 42. Tangazo la redio halina uzito hapo. Wazee wa Kyaka na Mutukula, Tanzania, wanaikumbuka Novemba 1978, Idi Amin alipotangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 47, unasema wazi kwamba kutwaa eneo namna hiyo hakumpunguzii raia hata haki moja.

Na haki zenyewe si haba. Jeshi linalokalia lazima litunze usalama na kuziheshimu sheria zilizokuwapo, isipokuwa pale inaposhindikana kabisa. Ni marufuku kupora, kushika mateka, na kuwaadhibu watu kwa kosa la mwenzao, kwa mfano kuchoma kijiji kwa sababu mtu mmoja alirusha risasi. Ni marufuku kuwahamisha watu kwa nguvu kuwatoa nje ya eneo, au kuwaleta raia wa upande wako uwapandikize humo. Chakula na dawa visipotosha, mwenye kukalia ndiye anayepaswa kuvileta, na akishindwa ni lazima aruhusu misaada ipite.

Jeshi linaweza kuchukua vitu kwa mahitaji yake, kwa kiasi kinacholingana na uwezo wa eneo. Lakini kifungu cha 52 cha zile Kanuni za 1907 kinataka litoe stakabadhi na lilipe mapema iwezekanavyo. Kamanda wa yule mzee, kwa kujua au kwa kubahatisha, alitimiza nusu ya kifungu: stakabadhi ilitoka. Malipo ndiyo hayakuja.

Je, Goma na Bukavu, zilizoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, ni maeneo yanayokaliwa kwa maana hii? Inategemea iwapo itathibitika kwamba kundi lile linaongozwa na nchi ya nje, jambo ambalo Rwanda inalikana na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mengi juu yake. Kwa mkazi wa Goma anayesoma hapa, jibu lolote lile halihalalishi mauaji, uporaji wala kushika mateka, kwa kuwa hayo yamekatazwa hata katika vita vya ndani ya nchi. Linalobadilika ni nani atakayebeba dhamana, na hilo ndilo linaloamua ubishe mlango upi.

Vigezo vyangu

Kila mlango nimeuuliza maswali matano yale yale. Anapokelewa nani: mtu, shirika, au serikali peke yake? Ukishinda unatoka na nini mkononi: fedha, mtu kufungwa, tamko, au habari za ndugu? Saa inasemaje, maana kuna milango inayofungwa baada ya wiki chache na mingine haikuwa imejengwa siku ulipodhulumiwa? Gharama na hatari ni zipi? Na mwisho, unamfaa nani?

Mahakama za nchini mwako

Anayepokelewa: mtu yeyote aliyeumizwa, pamoja na familia ya aliyeuawa. Kongo, kesi nyingi za uhalifu wa kivita zimesikilizwa na mahakama za kijeshi. Sheria ya Aprili 2013 ilizipa mahakama za rufani za kiraia mamlaka hayo pia.

Unachotoka nacho: mkosaji gerezani, na hukumu ya fidia. Mahakama za kuhamahama, zinazowafuata watu vijijini, zimewahi kufanya kazi kwa kasi ya kushangaza. Siku ya Mwaka Mpya wa 2011 askari wa jeshi la serikali yenyewe waliwabaka wanawake mjini Fizi, Kivu Kusini. Kabla Februari haijaisha, mahakama ya kijeshi iliyokaa Baraka ilikuwa imemhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, miaka 20. Kule The Hague, miezi miwili ni muda wa kubadilishana barua tu. Fidia ndiyo shida. Hukumu inataja kiasi, serikali nayo inaweza kuamriwa ilipe pamoja na askari, kisha karatasi inakaa kabatini. Mwishoni mwa 2022 Kongo ilitunga sheria ya kuwalinda na kuwalipa fidia waathirika wa ukatili wa kijinsia wa vita na wa makosa makubwa mengine, na mfuko wa taifa uitwao FONAREV ndio uliopewa kazi hiyo.

Saa: uhalifu wa kivita hauzeeki. Hata ikipita miaka ishirini, kesi inafunguka.

Gharama na hatari: kuna ada, ingawa asiye na kitu anaweza kuomba cheti cha ufukara. Hatari ya kweli ni jirani anayekuona ukiingia mahakamani. Hatari nyingine ni mji kubadilisha mikono kesi ikiwa katikati: mahakimu wanakimbia, majalada yanachomwa. Kwenye karatasi, Mkataba wa Nne unamkataza mwenye kukalia kubadilisha hadhi ya mahakimu wa eneo au kuwaadhibu wanaokataa kazi kwa ajili ya dhamiri zao. Hakimu anayesikia mizinga hakai kukisoma kifungu.

Unamfaa: mwenye kumjua aliyemtendea kwa jina au cheo, na huyo mtu yumo nchini. Askari wa kigeni aliyekwisha kurudi kwao, mahakama ya Bunia haimfikii.

ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai

Anayepokelewa: hapa watu wengi huchanganya. Huwezi kumfungulia mtu kesi ICC. Unachoweza ni kumpelekea Mwendesha Mashtaka taarifa, na yeyote anaruhusiwa kufanya hivyo, hata kwa barua ya kawaida. Kesi ikishafunguliwa, unaweza kuomba kushiriki kama mwathirika. Ni fomu, haina malipo, na wakili anayewawakilisha waathirika wasio na uwezo hulipwa na mahakama. Mashahidi wengi wa Ituri walitoa ushahidi wao kwa Kiswahili, kile cha kwao. Kama uliwahi kukaa kwenye kiti cha ukalimani unajua uzito wa jambo hilo: "njo" ya Bunia haitafsiriki na mtu aliyejifunza Kiswahili kwenye kamusi.

Unachotoka nacho: mtu mmoja mmoja akihukumiwa, na wale wenye vyeo. Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, alipata miaka 14 mwaka 2012 kwa kuwaingiza watoto jeshini. Germain Katanga alipata 12 mwaka 2014 kwa shambulio la kijiji cha Bogoro, Ituri. Bosco Ntaganda alihukumiwa 2019 kwa makosa 18, yakiwemo uporaji na kuwahamisha raia kwa nguvu, akapewa miaka 30. Mathieu Ngudjolo, aliyeshtakiwa kwa Bogoro ile ile, aliachiwa huru. Fidia huja tu pale mtu anapotiwa hatiani, na inakwenda kwa waathirika wa kosa lile alilotiwa nalo hatiani. Wa Bogoro 297 waliamriwa kulipwa dola 250 kila mmoja kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja ya makazi, shule na kazi. Bogoro ilishambuliwa 24 Februari 2003. Amri ya fidia ilitoka 24 Machi 2017. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya shambulio alikuwa amefikisha miaka 14.

Saa: mamlaka yake yanaanzia 1 Julai 2002. Kikaratasi cha mzee wangu kina tarehe ya 2001, kwa hiyo mlango huu kwake ni ukuta. Jirani yake aliyeporwa Februari 2003 angepita. Nilipolitafsiri hilo mzee alicheka, kicheko kisicho na furaha: "Basi wangengoja kidogo kuniibia."

Gharama na hatari: kifedha karibu hakuna. Kiusalama, kuna ulinzi wa mashahidi na majina yanaweza kufichwa. Hatari iliyobaki ni ya moyo, ya kusubiri miaka kumi kisha mshtakiwa akaachiwa.

Jambo jingine la kulifahamu: mahakama hii inaweza kuwashughulikia hata raia wa nchi isiyo mwanachama, kama Rwanda, iwapo kosa lilitendeka katika ardhi ya nchi mwanachama, kama Kongo. Oktoba 2024 ofisi ya Mwendesha Mashtaka ilitangaza kuuhuisha uchunguzi wake Kongo, macho yakielekezwa kwa makosa yaliyotendeka Kivu Kaskazini tangu Januari 2022.

Unamfaa: mwenye ushahidi unaopanda juu, kwa kamanda aliyetoa amri, na anayetaka jina la mtu huyo lisomwe hadharani kuliko anavyotaka ng'ombe wake.

ICJ, Mahakama ya Kimataifa ya Haki

Anayepokelewa: nchi tu. Wewe na mimi tunaishia getini. Ila mlango huu ndio uliotamka mengi kuliko yote juu ya eneo linalokaliwa, kwa hiyo nitaukalia kidogo.

Juni 1999 Kongo iliishtaki Uganda. Hukumu ya 19 Desemba 2005 ilisema Uganda ilikuwa ndiyo dola iliyoikalia Ituri. Ushahidi mmoja mzito ulikuwa wa kiofisi kabisa: jenerali wa Uganda, James Kazini, aliunda jimbo jipya la Kibali-Ituri na kumteua gavana wake. Kwa mahakama, anayekuteulia gavana ndiye mwenye mji. Mjini Kisangani, ambako majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana wao kwa wao siku sita mwezi Juni 2000 huku mizinga ikiangukia nyumba za watu, Uganda iliwajibika kwa matendo ya askari wake. Kule Ituri, Uganda iliwajibika kwa zaidi ya hayo. Kwa kuwa ilikalia, ilikuwa na wajibu wa kuwazuia hata wengine, wanamgambo wa kila rangi, wasiwadhuru raia.

Rudi sasa kwa mzee. Wakili alimuuliza mara tatu: "Askari hao walikuwa wa nani?" Naye mara tatu akajibu, "Askari ni askari." Mahakama nyingine ingemrudisha nyumbani kwa jibu hilo. Hapa jibu lake lilikuwa na uzito, maana katika hukumu ya fidia ya 9 Februari 2022 majaji walisema kwamba kwa Ituri, ni juu ya Uganda kuonyesha kuwa madhara fulani hayakutokana na kushindwa kwake kutimiza wajibu. Aliyeporwa halazimiki kujua sare ilikuwa ya jeshi gani.

Unachotoka nacho: tamko dhidi ya nchi, na fedha kwa nchi. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Ilipewa milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili, zilipwe kwa awamu tano za dola milioni 65 kila Septemba kuanzia 2022. Majaji walikadiria waliokufa ambao Uganda inawajibika kwao kuwa kati ya 10,000 na 15,000. Walikadiria kwa sababu ushahidi ulioletwa mezani haukutosha kuhesabu mmoja mmoja, ndiyo maana wakatoa kiasi cha jumla. Fedha zinapitia kwa serikali ya Kongo, iliyounda mfuko maalumu wa kuzigawa, FRIVAO, wenye makao Kisangani.

Saa: kwa nchi hakuna tarehe ya kufunga kama zile za Arusha nitakazozitaja chini, lakini lazima nchi inayoshtakiwa iwe imeikubali mahakama. Kongo ilijaribu kuishtaki Rwanda mwaka 2002. Februari 2006 majaji walisema hawana mamlaka, na kesi ikafia hapo bila kusikilizwa kwa undani. Vita ni vile vile, mji wa Kisangani ni ule ule, na aliyebomolewa nyumba na kombora hakuiona bendera.

Gharama na hatari: kwako hakuna, isipokuwa kwamba serikali yako ndiyo inayoamua kushtaki, kuendelea, kuacha, au kuyamaliza kwa mazungumzo. Kutoka mashtaka hadi fidia ilipita miaka karibu 23.

Unamfaa: jamii nzima iliyoharibiwa na nchi ya kigeni, yenye serikali iliyo tayari kulibeba jambo hilo. Mtu binafsi kazi yake huku ni kuorodheshwa, kutunza uthibitisho, na kufuatilia mgawo.

Arusha na Banjul

Milango hii mitatu nimeiweka pamoja kwa sababu watu huitaja kwa pumzi moja, "mahakama ya Afrika", kisha wakapeleka barua kusiko.

Anayepokelewa: Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, inampokea mkazi yeyote wa nchi mwanachama moja kwa moja, bila kumlazimisha kuzimaliza kwanza mahakama za kwao. Kongo imo tangu Julai 2022. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ipo Arusha, inampokea mtu binafsi pale tu nchi inayoshtakiwa ilipotoa tamko maalumu la kuruhusu hivyo. Rwanda iliondoa tamko lake 2016. Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, ililiondoa 2019, kwa hiyo jengo liko kwetu na sisi wenyewe hatuingii. Kongo haijatoa tamko. Wa tatu ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, inayopokea watu, mashirika na hata nchi, ila inataka uwe umemaliza njia za kwenu au uonyeshe kwamba hazipitiki. Mji uliotekwa na mahakama yake kufungwa ni hoja nzuri hapo.

Unachotoka nacho: Mahakama ya Afrika Mashariki hutamka kwamba nchi imevunja Mkataba wa Jumuiya. Tume hutoa mapendekezo. Mei 2003 ilisema kwamba mashariki mwa Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda zilivunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ikiegemea pia Mkataba wa Nne wa Geneva, na ikapendekeza fidia ilipwe. Kupendekeza ni kupendekeza. Mahakama ya Afrika hutoa hukumu inayofunga, na ndipo Kongo ilipoipeleka Rwanda mwaka 2023. Juni 2025 majaji walisema wanayo mamlaka ya kuisikiliza. Yaani kile kilichokwama The Hague 2006 kimepata pa kuanzia kilomita chache kutoka stendi ya mabasi ya Arusha.

Saa: hapa ndipo watu wanapoumia. Mahakama ya Afrika Mashariki inakupa miezi miwili, basi, tangu jambo litokee au tangu ulijue. Shirika moja la Kenya, IMLU, lilipeleka malalamiko ya mateso ya Mlima Elgon wakati wa operesheni ya jeshi. Machi 2012 kitengo cha rufani kilikataa hoja kwamba ukiukaji bado unaendelea, kikasema muda umepita. Kama ndugu yako amekamatwa wiki iliyopita, anza na saa hii kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Gharama na hatari: Banjul haihitaji wakili, waweza kuandika mwenyewe. Arusha, wakili anasaidia sana. Majina yanaweza kufichwa ukiomba.

Unamfaa: shirika la kiraia lenye mwanasheria na kasi, au familia yenye tukio bichi.

Msalaba Mwekundu

Anayepokelewa: yeyote. Huulizwi uraia, chama wala kabila.

Unachotoka nacho: ndugu. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inatafuta waliopotea, inabeba barua fupi za kifamilia kuvuka mstari wa vita, na chini ya kifungu cha 143 cha Mkataba wa Nne ina haki ya kuwatembelea walioshikiliwa katika eneo linalokaliwa na kuzungumza nao bila shahidi. Pia huwaendea makamanda wenyewe na kuwaambia, faraghani, askari wenu wamefanya hili na hili. Unaweza usijue kamwe kwamba ilifanyika hivyo kwa ajili yako.

Saa: fika leo. Wala hakuna tarehe ya kufunga.

Gharama na hatari: bure. Ila jua jambo moja ambalo sikulijua mpaka nilipomwona mtu akilia kwa ajili yake: unachowaambia hawakipeleki mahakamani. Usiri ndio unaowafungulia magereza, na kanuni za ICC zenyewe zinawapa kinga ya kutotoa ushahidi. Mama aliyedhani amekwisha "kuripoti" kwa sababu alieleza yote kwa ofisa wao, hakuwa ameripoti popote. Ukitaka kesi, maelezo yale yale uyapeleke na kwingine.

Unamfaa: anayetafuta mtu, au aliye na ndugu kizuizini leo.

Kwa hali yako wewe

Ndugu amechukuliwa siku chache zilizopita na wenye silaha wanaoshika mji: nenda Msalaba Mwekundu siku hiyo hiyo, na wiki hiyo hiyo umtafute mwanasheria ahesabu miezi miwili ya Arusha. Njia hizo mbili hazigongani. Usisubiri moja ikujibu ndipo uianze nyingine.

Unamjua aliyekutendea, ni askari au mwanamgambo wa nchini, na mahakama inafanya kazi: anzia nyumbani. Ukinyimwa haki huko, kukataliwa kwako ndiko tiketi ya Banjul, kwa hiyo kila barua ya kukataliwa itunze.

Kijiji kizima kilishambuliwa baada ya Julai 2002 na mnafahamu amri ilitoka kwa nani: taarifa kwa Mwendesha Mashtaka wa ICC, iandikwe kwa pamoja, yenye tarehe, mahali na aliyeona nini kwa macho yake. Yaliyosikika kwa mtu yaandikwe kwamba yalisikika.

Mliporwa au kuuawa na jeshi la nchi jirani na nchi hiyo ipo mbele ya mahakama ya nchi kwa nchi: bisheni kwa serikali yenu na kwa mfuko wa kugawa fidia. Ulizeni fomu iko wapi, mwisho wa kuandikishwa ni lini, na majina yanabandikwa ukuta gani.

Unaishi ndani ya mji uliotekwa na kusema ni kujitafutia kifo: usiende popote kwa sasa. Andika tu, kwa mkono, upige picha, umtumie mtu aliye nje ya nchi, kisha ufute kwenye simu yako.

Na mwenye karatasi ya 2001? Tulipozipanga tarehe mezani, milango ilibaki mmoja na nusu. Bunia ilikuwa wazi kwa kosa lisilozeeka lakini bila mshtakiwa. FRIVAO ilikuwa mbali, Kisangani, lakini ndiko zilikoelekezwa zile dola milioni 40 za mali. Tukampigia picha kikaratasi mbele na nyuma, tukaandika kwa Kiswahili maelezo yake ya jinsi siku ile ilivyokuwa, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, maana kumi na mmoja wote aliwakumbuka kwa majina. Nakala moja akapewa mpwa wake anayeishi Bunia. Ile ya awali akairudisha kwenye mfuko wake wa nailoni, akafunga fundo la kwanza, kisha la pili.